HR wa ndani, msuluhishi wa kukodi au CMA: ugomvi wa kazini umpelekee nani?

Dada mmoja alinipigia simu siku ya 34 tangu apewe barua ya kuachishwa kazi. Karani wa mauzo, miaka sita kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, jina la kampuni naliacha. Siku anakabidhiwa barua, afisa wa HR alimshika mkono akamwambia dada angu usikimbilie CMA (ile Tume ya serikali ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi), haya mambo tunayamaliza humu humu ndani, nipe wiki mbili niongee na mkurugenzi. Akampa. Wakakaa vikao vitatu, kile cha pili mpaka chai ya maziwa na chapati zililetwa, kila mtu anaongea vizuri, ikawa imebaki saini tu. Siku ya 33 akapigiwa simu kwamba mkurugenzi amekataa. Ndo kesho yake ananitafuta mi na swali lake la kwanza lilikuwa "kaka, CMA bado naweza kwenda?"

Siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo alijaza ile CMA F2, fomu ya kuomba kuongezewa muda, ambayo unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi na kwa nini. Yeye sababu yake ilikuwa moja tu, tulikuwa tunaongea. Ombi halikukubaliwa. Miaka sita ya mtu iliishia hapo, na chapati alikula.

Iliniuma na inaniuma mpaka leo, na ndo sababu ya kuandika huu ulinganisho. Nimekaa meza ya usuluhishi pande zote, kwanza nikiwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, baadae nikawa HR, na sa hivi naitwa na kampuni na mashirika kusuluhisha kutoka nje, kwa hiyo zote tatu nazijua kwa ndani na kila moja ina mahali pake. Shida ni kwamba watu wanachagua kwa mazoea au kwa woga, alafu wanakuja kujua walichagua vibaya muda ukiwa umeshaenda.

Kitu kimoja tuelewane kwanza maana kinachanganya wengi. Usuluhishi na uamuzi ni vitu viwili. Msuluhishi hana rungu, hakati kesi, hasemi fulani kashinda, kazi yake ni kuwasaidia nyie wawili mfike mahali mnakubaliana wenyewe. Mwamuzi ndo anasikiliza mashahidi na kutoa tuzo, yani uamuzi wake wa nani kashinda. Hapa naongelea usuluhishi, na swali ninalomuuliza kila anayenitafuta ni hili: huyo mtu wa katikati, mkishindwa kuelewana, yeye anapoteza nini? Ukilijibu hilo kwa ukweli nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

HR au mkubwa wa ndani

Nianze na sifa yake maana watu wanaiponda sana njia hii na sio haki.

Hoteli moja Arusha, wahudumu wawili wa mapokezi walikuwa hawasalimiani miezi miwili. Mmoja anamwita mwenzake mvivu, mwingine anasema huyu ananisengenya kwa meneja, mpaka wageni wakaanza kuona. HR wao, mama wa makamo mpole sana, hakuwaita ofisini. Alishuka mapokezi saa tisa mchana muda wa kupokezana shifti, akakaa pale pembeni kama anasubiri mtu, akaangalia. Akaona kwamba ratiba ya wiki ilikuwa inabadilishwa Ijumaa usiku kwenye grupu la WhatsApp na msimamizi wao, na kila mara mmoja alikuwa anajikuta kapangwa usiku mara mbili mfululizo, na alikuwa anaamini mwenzake ndo kaenda kuongea. Hakuna aliyekuwa ameenda kuongea na mtu. Yule mama akawaita wote watatu, msimamizi akiwemo, akaweka ratiba mezani, na ndani ya saa moja wakakubaliana ratiba itoke Jumatano kwa karatasi, ibandikwe, na ikibadilika anayebadilishiwa aulizwe kwanza. Basi. Hakuna msuluhishi wa nje angeliona lile haraka vile, na CMA lisingefika kabisa au lingefika likiwa limeshaoza.

Hiyo ndo nguvu ya ndani. Anajua mazingira, anajua nani alimfundisha nani kazi, anaweza kubadilisha kitu leo leo, na haigharimu hela. Kwa ugomvi wa watu ambao kesho asubuhi wanakutana tena kwenye mashine ile ile, hakuna kinachoshinda hapo.

Sasa upande wa pili. HR analipwa na mwajiri. Hata awe na roho nzuri namna gani, likifika la kampuni kutoa hela au bosi kukubali kosa, mshahara wake uko upande mmoja wa meza. Na mara nyingi, hili nimeliona sana, ni yeye huyo huyo aliyeandika barua ya tuhuma, akakaa kwenye kamati ya nidhamu, na leo anasema njoo nikusuluhishe. Hapana. Aliyekushtaki hawezi kukusuluhisha, na HR mwenye kuijua kazi yake anakwambia mwenyewe "hili mi nimeshalishika upande mmoja, tutafute mwingine". Ukisikia HR anasema hivo mheshimu sana, maana ni wachache.

Alafu kuna lile neno "yaishe". Samehe tu yaishe, we ndo mdogo omba radhi yaishe, hapa sisi ni familia moja yaishe. Usuluhishi wa ndani unapenda sana kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hapiti, anakaa kwenye jikoni la ofisi anakunywa chai na nyie kila siku. Nimeona watu wamepeana mikono mbele ya mkurugenzi, picha imepigwa, na wiki inayofuata mmoja anaomba uhamisho wa tawi bila kusema sababu.

Na siri. Ukiongea saa nne asubuhi kwenye ofisi ya HR yenye kuta za mbao, saa saba unaisikia kantini. Sio lazima HR ameisema, mtu alikuona unaingia, akakuona unatoka macho mekundu, hadithi imejitunga.

Msuluhishi wa kukodi kutoka nje

Huyu Tanzania bado hajazoeleka sana kwenye mambo ya kazi, wengi wanamjua kwenye migogoro ya biashara na ujenzi. Tangu 2021 kuna kanuni za kuwatambua na kuwasajili watu wa usuluhishi, upatanishi na majadiliano chini ya wizara inayoshughulika na katiba na sheria, kwa hiyo ukitaka kumkodi mtu una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa na alisomea wapi.

Anafaa wapi? Wakuu wa idara wawili wanaovutana mpaka idara zimegawanyika. Biashara ya familia ambapo mtoto ni meneja na mjomba ni fundi mkuu, hapo HR hana pa kusimama. Shirika ambalo mkurugenzi mwenyewe ndo analalamikiwa. Timu nzima iliyoparaganyika baada ya kuunganishwa kwa ofisi mbili. Sehemu zote ambazo watu wanataka kuendelea kufanya kazi pamoja ila ndani hakuna anayeaminiwa na wote.

Muda anao, na hiyo ni tofauti kubwa na CMA. Mi nikiitwa naongea na kila mmoja peke yake kwanza, saa nzima au zaidi, kabla hata hawajaonana, na mara nyingi nusu ya kazi inaishia hapo kwa sababu mtu anakuwa hajawahi kusikilizwa mpaka mwisho bila kukatwa.

Tabu yake ni hela, na tabu ya hela ina mkia. Kama mwajiri anamlipa peke yake, mfanyakazi anaingia chumbani anajua huyu kaletwa na bosi. Hapo dawa iliyonisaidia ni mbili. Wamchague wote wawili, yani mwajiri alete majina matatu na mfanyakazi au chama chake wachague, na hela iwekwe yote kabla kikao hakijaanza ili msuluhishi asiwe anasubiri malipo kutoka upande ambao anatakiwa auambie ukweli mgumu.

Na makubaliano yake ni mkataba kama mkataba mwingine, mmoja akiyakiuka kuna safari ya kwenda kudai. Kwa ugomvi wa heshima na mawasiliano haina shida, ila kwa deni la mshahara uifikirie vizuri.

CMA

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ilianzishwa na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, ikaanza kazi 2007, na ndo mlango wa sheria kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania bara. Unaanza na CMA F1, fomu ya kufungua shauri. Huduma ni bure. Unaweza kuwa na kiongozi wa chama chako, wakili, au mtu unayemuamini. Msuluhishi anapangwa na Tume na hatua ya usuluhishi ina siku 30 tangu shauri lipelekwe, isipokuwa nyie wenyewe mkubaliane kuongeza. Mkishindwa linaenda kwa mwamuzi. Mkikubaliana, makubaliano yanawafunga na yanaweza kukaziwa kama amri ya mahakama, yani asipolipa huanzi upya kubishana kama anadaiwa au hadaiwi.

Huyu wa katikati hana cha kupoteza kwako wala kwa bosi wako. Hamjui mkurugenzi, hakai kantini kwenu. Kwa mtu aliyeachishwa kazi hilo peke yake linatosha.

Na kuna meno. Mlalamikaji asipotokea siku iliyopangwa shauri linaweza kufutwa, mwajiri asipotokea linaweza kuamuliwa bila yeye. Nimeona bosi aliyekuwa hapokei simu miezi miwili amefika CMA saa mbili kasoro na suti.

Ila usiende ukitegemea wakuponye moyo. Msuluhishi ana mafaili mengi, nyie mna saa moja au mbili, na kufika huko tayari pande zote mbili zimeshahesabu miezi ya fidia. Mtu anataka kuongelea alivyotukanwa mbele ya wateja, anaulizwa unadai shilingi ngapi. Sio kwamba wasuluhishi wa pale hawana utu, nawajua wazuri sana, ila mfumo umejengwa kufunga shauri na sio kurudisha undugu. Watu wanaotoka CMA wakarudi kukaa ofisi moja kwa amani nawahesabu kwa vidole.

Kitu kingine kinachokera pale ni mwajiri kumtuma afisa ambaye hana ruhusa ya kuamua chochote. Mmeongea vizuri, mmeshuka kutoka huku mmepanda kutoka kule, mmekutana kwenye kiasi, afisa anasema ngoja nimpigie mkurugenzi, anatoka koridoni, anarudi uso umebadilika. Kikao kizima kimekufa. Msuluhishi mzuri swali lake la kwanza kabisa kabla hata ya majina ni "umekuja na mamlaka ya kukubali hapa hapa?" na kama jibu ni hapana anaahirisha siku hiyo hiyo.

Saa inayogonga

Hii ndo sehemu naomba usome mara mbili. Kuachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 kufika CMA tangu tarehe ya kuachishwa au tangu mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, mfano mishahara au likizo, siku 60 tangu mgogoro utokee. Kuongea na HR hakusimamishi hiyo saa. Kumkodi msuluhishi wa nje hakusimamishi. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba mazungumzo ya pembeni sio sababu ya kuchelewa.

Kwa hiyo kama barua ya kuachishwa imeshatoka, usichague kati ya ndani na CMA kana kwamba ukienda huku umeacha kule. Fungua shauri kwanza, alafu ongeeni mnavyotaka. Mkielewana nje mnakwenda na makubaliano yenu mbele ya msuluhishi yanawekwa kwenye kumbukumbu ya Tume na yanapata ile nguvu. Mwajiri anayekwambia "ukienda CMA mazungumzo yameisha" anakutisha, na mwajiri mwenye nia ya kweli ya kumaliza hana sababu ya kuiogopa F1.

Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine, unaanza na rufaa za ndani ya utumishi na Tume ya Utumishi wa Umma kwanza. Zanzibar wana sheria zao za kazi na kitengo chao cha migogoro. Ndugu zetu wa Kenya kwenda ELRC, mahakama yao ya kazi, saa yao ni ndefu, miaka 3, kwa hiyo hesabu za siku 30 msizichukue kutoka huku.

Ujuzi: ukikaa mbele yake utamjuaje?

Njia unaweza kuchagua sahihi na mtu akawa mbovu. Awe HR, awe wa kukodi, awe wa Tume, kuna vitu utaviona nusu saa ya kwanza.

Angalia anafanya nini na salamu. Hii ni ya kwetu na hakuna kozi niliyosoma walinifundisha. Kiwanda kimoja barabara ya Nyerere nilikuwa nasuluhisha fundi wa mitambo kijana na msimamizi wake mzee wa miaka hamsini na kitu. Kijana akaingia, akainama, "shikamoo mzee", mzee akaitika "marahaba" bila kumwangalia, akaendelea kufungua daftari lake. Pale pale kikao kilikuwa kimeshapangwa, mmoja mtoto mmoja baba, na mtoto hawezi kumwambia baba ulinisingizia. Siwezi kumkataza kijana kusalimia, ingekuwa ni kumvunjia heshima mzee na kumwaibisha yeye. Nilichofanya niliwahamisha viti wakae upande mmoja wa meza wote wawili wakiniangalia mi, nikaweka katikati mchoro wa ile mashine iliyoungua, nikasema nielezeni, mi mashine sizijui. Wakaanza kunieleza. Dakika kumi baadae mzee anamwambia kijana "hapana, hapo uliniambia bearingi imeisha na mi ndo nilisema tumalizie shifti". Alilisema mwenyewe kwa mdomo wake. Kama ningeendelea na viti vya kutazamana lisingetoka.

Heshima kwa wakubwa sio adui wa usuluhishi, ila msuluhishi asiyeiona inafanya kazi chumbani atamuacha mdogo amezwe, na mwisho ataandika kwamba pande zote zimeridhia.

Angalia pia kama anatafuta kilicho nyuma ya dai. Dereva mmoja, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane, alikuwa anadai milioni 18 na hashuki. Mwajiri anasema milioni mbili na hapandi. Kwenye kikao cha faragha nikamuuliza ukizipata hizo, Jumatatu asubuhi unaamka unafanya nini? Akanyamaza muda. Akasema hata nikizipata, nani ataniajiri, wameandika wizi wa mafuta. Hapo ndo ugomvi wenyewe ulipokuwa. Alitaka cheti cha utumishi kisafi, ambacho kisheria ni haki yake ajira ikiisha, na barua inayoondoa lile neno. Mwajiri ushahidi wa wizi hakuwa nao, alikuwa na mashaka tu na geji iliyoharibika. Wakamalizana kwa barua, cheti, mshahara wa siku 28 za notisi, likizo alizokuwa anadai, kiinua mgongo kwa hesabu ya siku 7 kila mwaka aliomaliza, na usafiri wa yeye na familia mpaka Kigoma walikomchukulia. Ilikuwa mbali sana na milioni 18 na alisaini akiwa anatabasamu. Wangebaki kwenye namba wangekuwa wanavutana mpaka leo.

Lugha. Barua ya kuachishwa imeandikwa Kiingereza cha kisheria kurasa mbili, mtu aliyeipokea kaishia la saba, na msuluhishi anaanza kikao kwa kusema "kama mlivyosoma". Msuluhishi anayejua kazi anaisoma kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari, na anauliza umeelewa nini, sio umeelewa? Maana ukimuuliza mtu "umeelewa" mbele ya bosi wake atasema ndio.

Kutunza siri ya faragha ni mtihani mwingine. Mtu amekwambia chumbani kwamba atakubali milioni tano ila mezani anasema nane. We huwezi kwenda upande wa pili ukakonyeza. Nilikuwa mbovu wa hili miaka ya mwanzo nikiwa tawini, nilidhani nikimwambia mwajiri "huyu atashuka tu" namsaidia mwanachama wangu amalize haraka. Nilimgharimu hela yake. Sa hivi kila nikitoka faragha namuuliza mtu, katika haya tuliyoongea nini niruhusu kitoke, na naandika hicho tu kwenye karatasi, na mengine yanabaki na mi.

Na kuandika. Wasuluhishi wengi wazuri wa kuongea wanaharibu mwishoni. "Mwajiri atamlipa mlalamikaji stahiki zake mapema iwezekanavyo." Hiyo sio suluhu, ni ugomvi mpya wenye mhuri. Kiasi gani, kabla au baada ya kodi, tarehe ngapi, akaunti ipi, ikichelewa inakuwaje, cheti kinatolewa na nani siku gani. Kama ni makubaliano ya tabia, kwa mfano msimamizi hatafokea mtu mbele ya wateja, iandikwe na watakutana tena lini kuangalia kama linafanyika. Ukiona msuluhishi anakimbilia saini saa kumi na moja jioni watu wamechoka, mwombe mlale nalo, msaini kesho.

Sasa we uende wapi

Mnagombana na mwenzako wa kazi au msimamizi, hakuna aliyefukuzwa, na HR hajaegemea upande: anza ndani, wiki hii, kabla halijapata mashabiki. Omba tu lisifanyikie ofisi ya HR, chumba cha mikutano cha kawaida au hata nje ya jengo ni afadhali.

Mnataka kuendelea pamoja ila ndani hakuna wa kuaminika, au anayelalamikiwa ndo mkubwa wa wote: wa nje, mkimchagua pamoja. Muulize kabla, ni kesi gani umewahi kuikataa na kwa nini? Ambaye hajawahi kukataa hata moja mi nisingempa yangu.

Umeachishwa, au umedai mshahara mwezi wa kwanza na wa pili unaisha: CMA, na mazungumzo mengine yote yafanyike faili likiwa limeshafunguliwa. Uko chama cha wafanyakazi, TUICO au TUGHE au kingine, waambie siku hiyo hiyo. Dada wa kazi za ndani pia, CHODAWU ni chama chenu, na sheria ya kazi inawahusu kama mfanyakazi yeyote wa ofisini.

Na kuna ambayo hayasuluhishwi kabisa kwa HR. Bosi anayetaka ngono ili akupe mkataba au cheo, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, linaenda TAKUKURU. Usikubali kuitwa kwenye kikao cha "muelewane" na mtu huyo, hata aliyekuita awe mama wa heshima namna gani na hata akwambie unamharibia mtu familia. Nimeona mabinti wamekalishwa hivo na ni kitu kibaya kuliko vyote nilivyoviona kwenye kazi hii. Kupigwa vilevile, polisi kwanza.

Ukishaamua CMA, F1 ijaze kwa makini hasa tarehe mgogoro ulipotokea, maana hiyo ndo saa inaanzia. Mpelekee mwajiri nakala asaini kupokea, alafu ndo upeleke Tume pamoja na uthibitisho kwamba kapokea. Akikataa kusaini usigombane naye getini, nenda posta utume kwa rejista na ile risiti uitunze. Yule dada wa chapati F1 alikuwa nayo kwenye pochi wiki tatu nzima, imejazwa yote, imebaki kupelekwa.